Pua ya Fundi wa Plastiki

Tangu Fundi azikwe, mtaa wetu wote wa Kariakoo umejaa hadithi zake nzuri. Wauza mabeseni wanazo, mama lishe wa kona anazo, hata wabeba mizigo waliokuwa wakimtukana kwa kuziba njia na jiko lake sasa wanazo. Kwetu mtu akifa anatakaswa kabla udongo haujakauka, na anayekohoa tu kuonyesha kwamba marehemu naye alikuwa na lake, anatazamwa vibaya. Mimi nilikaa na Fundi kibaraza kimoja miaka kumi na minne. Nilimpenda mzee yule, na nimemkasirikia mpaka leo. Nitayasema yote mawili, na anayetaka malaika mtupu akamsikilize mama lishe.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na sitajifanya najua. Nilimkuta pale siku nilipofungua duka langu la vyombo vya plastiki, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mbele yake jiko la mkaa na vyuma vitatu bapa vimelazwa kwenye makaa. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyombo vilivyopasuka: ndoo, mabeseni, madumu, viti. Alipitisha chuma cha moto kwenye ufa mpaka plastiki ikalainika pande zote mbili na kuanza kung'aa, akayeyushia hapo kijiti cha plastiki nyingine, akasawazisha kwa mgongo wa kijiko, kisha akakaa kungoja ipoe. Huko kungoja ndiko kulikomtenga na mafundi wengine. Wengine humwagia maji ili mteja aondoke haraka. Yeye alisema ukiiwahisha inaganda juu tu, ndani inabaki na kinyongo, na mteja mwenye haraka alirudishiwa ndoo yake ikiwa na ufa wake vilevile.

Vidole vyake havikuwa na alama. Moto ulikuwa umevilamba miaka mingi hadi ncha zikawa ngumu na zinang'aa, na alikuwa anashika kaa la moto na kulirudisha jikoni kama mtu anayeokota embe. Ilipoamriwa kwamba kila laini ya simu isajiliwe kwa alama za vidole, tulikwenda pamoja kwenye meza ya usajili mtaa wa pili. Dada wa watu alimfuta vidole kwa kitambaa, akavipaka mafuta, akajaribu kimoja baada ya kingine mpaka vikaisha vyote kumi. Mashine ikakataa. Fundi akamwambia kwa upole asiilaumu mashine, huenda kweli yeye hayupo. Foleni nzima ilicheka. Mwishowe tuliisajili laini yake kwa jina langu, na tangu siku hiyo nikawa namtania kwamba kisheria wateja wake wote wanampigia mama wa Kichaga mwenye duka. Baadaye, nilipomchukia kweli, nilimtumia ujumbe kwamba nitaifunga. Sikuifunga, ila niliufurahia ule ujumbe.

Lakini mali yake hasa ilikuwa pua. Wiki yangu ya kwanza alinisikia nikimwambia mteja kwamba plastiki ni plastiki tu, akageuka kwenye ndoo yake akanitazama kwa dharau ambayo sijaisahau. Aliniita, akanionyesha. Kuna plastiki zinazofanana kwa macho kama mapacha, na bado hazishikani hata uzichomelee kutwa. Zitaonekana zimeungana. Utachotea maji siku mbili, ya tatu kiraka kinabanduka kizima. Kwa hiyo kila ufa lazima uzibwe kwa plastiki ya ukoo wake, na ukoo aliujua kwa kunusa: alikata kipande chembamba, akakiwasha, akakizima, akavuta moshi wake huku amefumba macho. Plastiki ya beseni na dumu ilinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Plastiki ya kiti nayo ilinuka mshumaa, ila nyuma yake kulikuwa na dizeli kidogo. Ya bomba la maji ilikwangua koo. Ikitokea hiyo aliwafukuza watu wote kibarazani wasiivute, halafu akabaki yeye mwenyewe palepale kwenye moshi. Nilimnunulia barakoa. Akawa anachujia chai.

Ndivyo alivyokuwa. Aliwahurumia wapita njia asiowajua majina na mapafu yake mwenyewe akayafanya bomba la jiko. Alikuwa mkarimu kwa ndoo ya bibi anayeuza uji, akamchomelea bure mara sita ndoo ile ile, na alikuwa mkali kwa yeyote mwenye gari. Alisali sala zake zote tano na alikuwa na mdomo mchafu kuliko makondakta. Aliniambia mimi ni binti yake, na dakika hiyohiyo ananiharibia biashara. Mteja akiinua kiti changu kukikagua, sauti inatoka kwenye lile jiko: kiti hicho usimkalishe mama mkwe. Mteja anacheka, anakirudisha, anaondoka. Nikimfokea ananijibu kwamba mimi nauza kiti siku moja na yeye anakiuguza miaka mitatu, kwa hiyo tuheshimiane. Na nilipomwambia basi anifundishe kuzijua plastiki ili niagize nzuri, alikataa katakata. Pua haifundishwi, alisema. Walimwomba wengi, wanaume wazima wenye kutafuta kazi, akawajibu hivyohivyo. Alitaka akitoka yeye pale, kazi itoke naye. Hili wanaomsifu hawalisemi.

Msemo wake wanausema sana. Plastiki inasamehe, alikuwa akisema, na alimaanisha kazi tu, hakuwa anahubiri. Ukikosea unapasha tena, inalainika, unaanza upya. Ikipoa inashika kama vile hukuwahi kuikosea. Alikuwa akiitofautisha na ile ngumu nyeusi ya mshikio wa sufuria, ambayo ilishapikwa mara moja kiwandani, ukiipasha tena haiyeyuki, inaungua. Msibani kwake Magomeni nilikaa uani na wanawake, nikamsikia mtu mmoja huko barazani akiutoa msemo ule kwa sauti ya kutetemeka, kama wosia, na wanaume wakaitikia. Plastiki inasamehe, jamani, sembuse sisi binadamu. Niliinuka nikaenda kusimama nje ya geti. Mwanangu si ndoo.

Sasa nimfikie mwanangu. Anaitwa Manka. Akiwa mdogo alipata homa kali, na ilipoondoka iliondoka na nguvu za mguu wake wa kushoto. Unyayo ukawa unaning'inia, akipiga hatua unakwaruza chini na kumwangusha. Hospitali walimtengenezea kifaa cha plastiki nyeupe kinachoshika kigimbi kwa nyuma, kinapita kisigino na kulaza unyayo sawa. Nyumbani tulikiita ganda. Akilivaa ndani ya soksi na kiatu kipana anatembea, na alipozoea akaanza kukimbia, mbio za kuruka upande mmoja, lakini ni mbio. Kazi ya ganda ni hiyo moja tu, kuuzuia unyayo usianguke.

Tatizo la ganda ni kwamba mtoto anakua na lenyewe halikui. Linabana, linachuna ngozi, linapasuka kifundoni. Kwenda hospitali kutengenezewa jipya ni kungoja zamu, na zamu ilikuwa inaweza kuchukua miezi, na miezi hiyo mtoto anakaa. Mara ya kwanza ganda lilipomchubua, Manka alikuwa na miaka saba, analia dukani. Fundi aliniambia nimletee. Alilinusa pembeni kabisa, mahali pasipoonekana: mshumaa wenye dizeli. Akalipasha ukingoni taratibu, akalipanua kwa kidole gumba, akalishika hivyo mpaka likapoa. Manka alivaa, akaenda mpaka kwa mama lishe na kurudi, akasema, babu, haliumi tena. Nilimwangalia mzee yule nikaona Mungu amenijalia.

Hospitali walikuwa wameniambia wazi, lisiguswe moto na mtu wa mtaani. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Kwa miaka minne Fundi ndiye aliyekuwa hospitali yetu. Alilipanua, alilinyoosha, aliziba nyufa mbili ndogo, na kila mara liliushika mguu. Hakuchukua malipo. Manka alimletea miwa, naye akamwambia mguu wa kushoto ndio mguu wake yeye Fundi, wa kulia ndio wa mama. Sisemi haya kumpunguzia. Nayasema ili ieleweke nilikuwa nimemwamini kiasi gani.

Halafu pua yake ikafa. Haikufa siku moja, na hakumwambia mtu. Mimi niliona dalili, na hapa ndipo ninapotamani kalamu iandike peke yake. Siku moja alikula wali uliochacha, wali ambao mimi niliisikia harufu yake kutoka mlangoni, akaumaliza na kusema umetiwa ndimu. Nikacheka. Siku nyingine maharage yake yaliungua jikoni hatua mbili kutoka alipokaa, moshi umetanda, na yeye anaendelea kusawazisha beseni. Nikacheka tena, nikamsimulia mama lishe, tukacheka wote wawili. Kisha masika yale mabaya yalikuja, maji yakapanda kibarazani, viroba vyake vitatu vya mabaki ya plastiki alivyovipanga kwa ukoo vikaelea na kuchanganyika. Alikaa siku mbili anavipanga upya. Nilimwona anakwaruza vipande kwa ukucha, maana ile ya beseni ni laini na huacha alama, na ile ya kiti haiachi. Lakini vidole vile vilishakufa zamani. Alikuwa anakwaruza na kukwaruza, anatazama angani. Fundi aliyekuwa akinusa sekunde mbili na kutupa kwenye kiroba sasa alikuwa anabahatisha, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai nikimwambia pole na kazi.

Ganda la Manka lilipasuka kifundoni wiki ile ile. Ufa wa kidole kizima. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na Jumatatu ilikuwa mitihani. Nikalileta, naye Manka akakaa kigodani karibu nasi kungoja.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Duka la vitambaa la jirani lilikuwa limewasha jenereta lake kubwa la dizeli, limewekwa palepale mwisho wa kibaraza, linatikisa mpaka vioo vyangu. Wateja watano walikuwa wamesimama wanamsubiri. Fundi alichukua kijiti kutoka kiroba kimoja, akakata kipande, akakichoma, akakizima. Akakisogeza puani kwake, akafumba macho kama kawaida yake. Kisha akanipa mimi. Akasema, haya Mama Manka, si ulitaka kujua? Nusa uniambie.

Miaka tisa nilikuwa nimemwomba anifundishe akanikatalia. Nilijisikia kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nilivuta ule moshi, nikasikia mshumaa, nikasikia na dizeli, nikasema kwa sauti ili wateja wasikie: mshumaa, na dizeli nyuma yake. Fundi akanitazama kidogo. Akasema vizuri, akachomelea. Dizeli niliyoisikia ilikuwa ya jenereta.

Mtu akisoma hapo anaweza kudhani nilijua. Sikujua. Nilikuwa na furaha, na nilirudi dukani natafuta mtu wa kumsimulia. Kiraka kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kuweka, laini, hakina hata mshono. Kilishika Jumamosi, kikashika Jumapili, Jumatatu asubuhi kikampeleka shule.

Jumatatu mchana Manka alikuwa anavuka barabara kuja dukani. Nilikuwa namwona, nimempungia mkono. Katikati ya barabara unyayo ulishuka ghafla, akaenda chini, na mkokoteni wenye magunia ya mchele uliokuwa unateremka haukuweza kusimama. Wale wanaume wawili waliokuwa wanausukuma walijaribu, niliwaona wakijitupa nyuma kuuzuia, kwa hiyo wao siwalaumu. Mguu ulivunjika chini ya goti mahali pawili, mguu uleule. Kiraka cha Fundi nilikiokota mimi mwenyewe barabarani. Kilikuwa kizima kabisa, kimebanduka chote kwa pamoja, safi upande wa ndani.

Nilikipeleka kwa fundi mwingine, mtaa wa nne kutoka kwetu, kijana ambaye Fundi alikuwa akimdharau. Alikikwaruza kwa ukucha mara moja tu, kikaacha alama. Akasema, mama, hii ni beseni.

Manka alikaa hospitali wiki saba. Mfupa uliunga vibaya, ukavunjwa tena, ukaunga mfupi. Hakukimbia tena. Hata kutembea kwake sasa ni kwa ganda jipya, kiatu chenye soli iliyoongezwa, na mkongojo mmoja. Mitihani aliirudia mwaka uliofuata na watoto wadogo kwake. Msichana ambaye alikuwa anavuka Kariakoo peke yake alianza kusindikizwa mpaka chooni.

Fundi alikuja wodini siku ya tatu na machungwa. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema Mungu ndiye mpangaji. Nilimwuliza mbele ya wagonjwa wote kama Mungu ndiye aliyechukua kijiti kwenye kiroba kisicho chake. Nikamwuliza tangu lini hanusi. Nilimwambia angesema neno moja tu, mama, pua yangu imekwisha, mtoto mpeleke hospitali, na mwanangu angekuwa anatembea. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaweka machungwa juu ya kabati, akaondoka. Nayo machungwa nikayagawa yote wodi nzima nisibakize hata moja.

Ya jenereta sikuyasema. Niliyagundua palepale wodini, siku ya tano au ya sita, lilipowashwa jenereta la hospitali na harufu ikaingia dirishani. Nilikaa na shuka la mwanangu mkononi, nikaelewa. Na badala ya hasira kupungua, iliongezeka, kwa sababu sasa ilikuwa na watu wawili ndani yake na mimi nilikuwa naielekeza yote kwa mmoja.

Tuliishi kibaraza kimoja miaka mingine mitano bila kusalimiana. Watu wa nje hawawezi kuelewa jinsi hilo linavyochosha. Mimi ni mdogo kwake, shikamoo ni yangu, na kila asubuhi niliimeza. Jiko lake lilikuwa hatua nne kutoka kwenye mlango wangu. Kama anataka chenji, anamtuma mteja. Kama moshi wake unaingia dukani, namtuma mteja. Aliacha kuchomelea viti na madumu, akabaki na zile kazi zisizo na nafasi ya kukosea, kama kuziba ndoo kwa kipande cha ndoo ileile. Wateja walipungua. Siku alizokuwa anakohoa sana nilipandisha sauti ya redio. Na kuna siku niliona amesinzia, kichwa kimelala kifuani, vyuma vimepoa jikoni, nikajikuta nimesimama naangalia kama anapumua. Alikuwa anapumua. Nikarudi ndani nikiwa na hasira na nafsi yangu.

Mwaka huu mwanzoni hakuonekana tena. Ndoo yake ya kukalia ilibaki pale wiki nzima, hakuna aliyeigusa. Kisha binti yake, mama wa makamo niliyekuwa namwona mara mojamoja akimletea chakula, aliingia dukani mchana kweupe na khanga kichwani. Alisema baba ni mapafu, madaktari wamemrudisha nyumbani, na anaomba radhi kwa kila aliyemkosea. Wengine wote wameshakuja. Tumebaki mimi na Manka.

Nilitaka kukataa. Manka, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, alikuwa kaunta akipanga vikombe, akasema tutakwenda.

Njia nzima kwenda Magomeni nilikuwa najiandaa. Nilikuwa nimeamua kuutua mzigo wangu: nitamwambia kwamba aliyenusa ni mimi, na nilinusa jenereta, na nimemwacha alibebe kosa hilo peke yake miaka yote. Nilitaka kulisema kabla hajafa ili nami nipumue. Chumbani tulimkuta ameegemezwa mito, kifua kinapanda na kushuka kwa kelele, mikono ile isiyo na alama imelala juu ya shuka. Binti yake alikuwepo, na majirani wawili wanawake.

Manka akamwamkia, "Shikamoo, babu."

Akaitikia marahaba mjukuu wangu, kwa pumzi mbili. Kisha akamwomba atembee, kutoka mlangoni mpaka kitandani. Damu ilinipanda, nilitaka kumwambia mtoto si maonyesho. Lakini Manka alikwisha kugeuka. Akaenda mlangoni, akarudi, mkongojo, kiatu kizito, mkongojo, kiatu kizito. Fundi aliuangalia mguu ule wakati wote, hakuinua macho usoni kwake hata mara moja. Mimi nikaona ndio wakati wangu.

"Mzee, siku ile aliyenusa ni mimi," nilisema. "Jenereta lilikuwa linawaka. Niliyoisikia ilikuwa dizeli ya jenereta."

"Nililisikia," akasema. "Pua ndiyo iliyokufa, Mama Manka, masikio yalikuwepo. Ulipotaja dizeli nikajua umenusa jenereta." Akangoja pumzi irudi. "Nikaona haya kukwambia unuse tena. Watu wamesimama. Wangeuliza kwa nini sinusi mwenyewe. Nikachomelea."

Sijui kama alisema kweli. Inawezekana alikuwa ananivua lawama, mzee anayekufa akaona bora aondoke nayo yote. Kama ni hivyo, hakuniuliza kama nataka kuvuliwa, na nilikuja pale na jambo langu la kweli akanipokonya. Na kama alisema kweli, basi alikaa mbele ya moto wake, na ganda la mtoto mkononi, anajua kwamba hajui, akachomelea kwa sababu ya wateja watano ambao leo hii hakuna anayekumbuka sura zao. Nimezigeuza pande zote mbili kila siku tangu hapo. Zote zinaniudhi.

Akamgeukia Manka. Akamwambia, "Mjukuu wangu, nimekukosea. Niwie radhi."

Kila mtu mle chumbani alijua linalofuata. Mgonjwa akiomba radhi anapewa, tena upesi, hata kama moyoni hakuna kitu. Unasema nimekusamehe, na Mungu atusamehe sote, watu wanashusha pumzi. Mimi mwenyewe ningesema. Manka alimtazama, hakuwa amekasirika, alikuwa anafikiri.

"Bado, babu," akasema.

Jirani mmoja akasonya. Binti yake Fundi aliniangalia mimi, na lile jicho nililielewa: mnyooshe mtoto wako. Mzazi yeyote angemnyoosha palepale, na nilishafungua mdomo. Nikakumbuka kibarazani siku ile, mzee ananyamaza asione haya, mimi najibu kwa kutaka sifa, na mtoto amekaa juu ya kigoda na mguu mmoja mtupu akiwaamini wakubwa. Nikafunga mdomo.

Fundi akamwuliza, lini?

Manka akasema hajui, siku akiwa tayari atakuja mwenyewe. Fundi akatikisa kichwa kukubali, akasema haya, akafumba macho. Tukaaga.

Alifariki siku ya nane. Manka alikuwa hajaenda. Msibani waliniuliza, kwa upole na kwa ukali, kama mtoto alimtamkia mzee lile neno kabla hajakata roho, nikawajibu hakutamka. Wanatikisa vichwa mpaka leo nikipita. Jana Manka alikuwa amekaa kaunta anavua kiatu, akanyoosha mguu wake juu ya kreti kuupumzisha, akausugua pale ulipounga vibaya. Nilimtazama. Ni bado, na simuulizi.